Bati la Biskuti

Mpwa wangu Haizea amerudi na kurasa kumi na nne
kutoka chuo cha biashara, Bilbao.
"Mjomba, kiwanda chenu kimekuwa somo."
Ameziweka mezani kati ya mkate na jibini,
nami nimevaa miwani, nazisoma
kama asomaye tanzia ya mtu aliye hai.

Ukurasa wa pili: *Mkurugenzi aliona mbali.*
Nekane Urrestarazu? Mwaka ule
hakuona hata ng'ambo ya mto,
kwa manyunyu na kwa madeni.
Mizani za umeme zilishaingia bandarini,
nyepesi, bei ya viatu vya mtoto,
na zetu za chuma, nzito kama ndama,
zilijaa ghalani zikipimana zenyewe kwa zenyewe.

Wakamshauri apunguze watu. Akapunguza.
Ishirini na sita, Ijumaa moja, kabla ya chakula.
Kurasa zinakuita huko *kujipanga upya*.
Mimi nakumbuka ndoano za makoti,
ishirini na sita, tupu, ukutani.

Jumatatu tukalishusha dawati lake, mimi na Antxon,
hadi chumba cha mizani zilizorudishwa.
*Uongozi wa karibu*, wanasema, ukurasa wa tano.
Gesi ilikuwa ghali, jamani.
Tulizima joto ghorofa ya tatu.

Huko chini kulinuka samaki, unga, mdalasini,
kila mizani na harufu ya duka lililoikataa.
Na nyuma ya rafu, bati la biskuti,
limeshiba vikaratasi vya miaka kumi na moja:

Haidanganyi, ila siisomi bila miwani.

Mteja anachungulia, hafikii, anaondoka akinishuku.

Mshale unatetemeka kuliko mimi, na mimi nina sabini na nane.

Alisoma hadi taa za barabarani zikawaka.
"Txomin, mwandiko huu wa nani?"
"Wa Bibiñe, aliyepokea simu za malalamiko.
Ndoano ya tisa."
Hakuuliza tena. Alikunja kikaratasi, akakikunjua,
akakikunja.

Kurasa hazitaji mizani iliyosema.
Ndiyo, tuliitengeneza! Arobaini.
Sokoni Ordizia ikamtangazia mjane mmoja
gramu zake za soseji mbele ya kasisi.
Thelathini na nane zilirudi mbio.
Nekane aliiweka moja mezani pake, hakuificha,
na kila akitua kikombe, sauti ya chuma:
*Gramu mia tatu na kumi.*
Mshahara wake alikuwa ameukata nusu;
karatasi aliibandika mlangoni, bila maelezo.
Sisi tukacheka naye. Ndipo tukaanza kusema tuliyoyajua.

Ya pili ilikuwa na nyuso mbili,
tarakimu kubwa kama vidole,
uso mmoja kwa muuzaji, mmoja kwa mnunuzi.
Mengine yako ukurasa wa tisa,
mstari unaopanda kama mbuzi mlimani.

"Swali la nne," Haizea anasoma, kalamu mkononi:
"*Ni uamuzi gani wa kiongozi ulioleta mageuzi?*"

Nikamweleza safari isiyo kwenye kurasa.
Mimi ndiye niliyeendesha gari.
Bibiñe alikuwa ameajiriwa duka la mikate,
unga hadi viwikoni.
Nekane alisimama kwenye foleni kama watu wengine,
zamu yake ilipofika akasema, "Rudi. Kwa cheo utakachotaka."
Bibiñe akafuta mikono, polepole, kidole kwa kidole.
"Nilikuwepo miaka kumi na moja," akasema.
"Mnataka mkate gani?"

Akaupima kwenye mizani yetu, ile ya nyuso mbili,
akaugeuza uso wa pili utuelekee,
akatoza bei kamili.
Nekane alilipa. Njia nzima alilipakata bunda lile
na hakulimega.

"Andika hivyo," nikasema.
Haizea akaigeuza karatasi, akaitazama.
"Mjomba, wametuachia mistari mitatu."