Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Miaka ishirini na sita nilipiga chapa
pale kiwanda cha saruji, Tororo,
maneno sitini kwa dakika, bila kutazama vidole.
Leo goti la kushoto limenifundisha
kwamba hata kuinuka kitini ni sentensi ndefu.

Vitabu vyangu vya taichi ni viwili.

Cha kwanza nilikichagua mwenyewe sokoni,
kwenye rundo, kati ya katalogi ya pampu
na nusu ya Agano Jipya.
Mwandishi wake ana maneno kama mvua ya Aprili.
"Tulia," anasema. Nimehesabu: mara mia na tatu.
Anayekuamuru utulie mara mia na tatu
naye ana haraka yake.
Hata hivyo namheshimu. Amenifunza
kuukabidhi mguu mmoja uzito wote
kabla ya kuuomba ule mwingine lolote.

Cha pili kiliachwa na mafundi wa barabara
katika chumba nilichowapangisha.
Kichina kitupu; sijui hata kinaanzia wapi.
Lakini yumo mtu mwembamba wa wino, suruali pana,
mishale ikimtoka viwikoni
kama siafu waliotumwa,
na chini yake nyayo: nyeusi penye uzito,
nyeupe pasipo na kitu.
Hicho ndicho nikipendacho.
Hakinielezi. Kinanisubiri.

Asubuhi nakiegemeza kwenye birika, uani.
Mwamba umesimama vile vitabu vyote viwili vinavyotaka,
kisigino kizito, utosi umening'inizwa kwa uzi.
Korongo anakunjua mbawa, taratibu.
(Wetu wa bondeni ana taji, na subira hiyo hana.)

Halafu mchwa.
Kuanzia sitini na mbili hadi sitini na saba wamekula.
Mtu wangu anaanza kugeuka kulia,
shimo,
kisha anatokea ng'ambo akitazama magharibi
kana kwamba hakuna lililotokea.
Wiki nzima nilikwama pale, mkono hewani,
kuku wakinishangaa.

Mpaka mikono ikakumbuka yenyewe: ungo.
Inua, zungusha, uachie upepo kazi yake,
wimbi lirudi, makapi yaende.
Nikajikuta ng'ambo, nikitazama magharibi.

Adikini wa jirani alikuwa juu ya ukuta, akichungulia.
Akaja na penseli na karatasi za daftari la hesabu.
"Mishale iende wapi, mama?"
"Ifuate makapi."

Tumezishona kwa uzi mweusi palipotafunwa.
Atakayekifungua siku moja
atadhani ndivyo walivyofanya huko tangu zamani:
ukurasa wa sitini na tatu, mwanamke mnene,
mabega ya gomesi yamesimama kama masikio,
unyayo mmoja mweusi, mmoja mweupe,
mikononi hana kitu,
anapeta.