Herufi Tatu

Lilikuja na mkokoteni kutoka Kisutu,
limelazwa chali kama mgonjwa,
miguu ya plaiwudi imeliwa na mchwa hadi magotini.
Msukuma mkokoteni akauliza: hili jeneza au friji?
Nikamwambia, shusha polepole, lina kioo.

Ombeni, ninayemfundisha kazi, alifungua mgongo kwa bisibisi.
Walitoka mende kwanza, likafuata vumbi,
halafu harufu ile: waya wa moto, jasho, ubuyu.
Nikakaa kidogo juu ya ndoo.

Chini kabisa, kwenye sanduku la hela,
shilingi ishirini moja, ile ya pembe saba,
imetobolewa, ina uzi.
Mwizi wake namjua. Siku hizi ni mhasibu Dodoma.

Bodi ilikwishakufa zamani,
betri imelia machozi ya kijani juu ya njia za shaba.
Sikuifufua. Mahali pake nikaweka kompyuta
isiyojaza kiganja, bei yake
sawa na mbuzi wa wastani pale Vingunguti,
michezo elfu mbili imelala kwenye kadi
ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.
Ombeni akacheka: kabati lote hili kwa ajili ya hiki?
Nikamwambia, hata wewe, tukikufungua kichwa.

Ndipo ikaanza kazi yenyewe. Vitufe sita, waya kumi na mbili,
kila waya na rangi yake, na rangi zimechoka
hata nyekundu inaapa kwamba ni kahawia.
Nililehemu usiku, feni nimeizima
risasi isije ikapoa njiani.
"Juu" ikawa "chini" mara tatu.
Mara ya nne nikatukana, ikatii.

Ombeni alitaka tuweke flati.
Mteja, kinyozi wa Sinza, naye alitaka flati:
chogo la nini, dada, linakula umeme, linakula nafasi.
Nikasema tutaona. Nikawasha.

Kabla picha haijaja, kioo kikiwa kijivu kitupu,
zilionekana: safu tano za herufi
zilizoungulia humo ndani.
Maana mashine haiungui ikichezwa.
Huungua ikingoja,
ikionyesha majina yaleyale usiku kucha
kwa viti vilivyopinduliwa juu ya meza.

LAD. RAM. LAD tena. MSU.
Na juu yao wote, TAT.

Jina langu Tatu, lina herufi nne;
mashine ilipokea tatu, haikuuliza zaidi.
Niliingia Ijumaa mchana, wavulana wakiwa msikitini,
nina sare ya shule na ndoo ya vitumbua vya mama,
Bwana Jayanti akitazama pembeni,
akihesabu chenji aliyokwisha kuihesabu.
Jioni walibishana: TAT ni nani?
Ladi akasema ni Tatizo,
jamaa mmoja wa Keko, ana vidole kumi na viwili.
Niliwauzia vitumbua. Nikanyamaza.

Picha ikaja. Chombo cha anga kikapita juu ya jina,
jina likabaki palepale, nyuma ya nyota,
kama doa la chai kwenye kanga ya kwendea harusini.
Ombeni akainama, pua karibu iguse kioo:
fundi, hii TAT ndiyo kampuni iliyoitengeneza?

Nikatafuta jibu. Luku ikalia, ti, ti, ti,
uniti zikakata,
kioo kikajikunja kuwa nukta moja nyeupe
halafu hata nukta ikaondoka.

Gizani nikasikia nasema:
mwambie kinyozi kioo hakibadilishwi.
Anayetaka flati akanunue flati.
Na wewe kimbia kwa Mangi, umeme wa elfu mbili.
Ukirudi, shika mpini.
Nakupa Ijumaa nzima
unitoe pale juu.