Kalibu ya Matundu

Kalibu bado ipo,
uvunguni mwa kitanda cha Shangazi Somoe, Ligula.
Kutu imekula jina la kiwanda
lakini pembe zake zingali kali.

Aliileta mzungu wa ramani
mwaka walipong'oa reli ya karanga,
soksi hadi magotini, kitabu kizito kwapani.
Posta mpya, alisema, haitaki nakshi.
Ukuta uwe ukuta. Mstari ufanye kazi yake, unyamaze.
Mikindani aliipita milango ya kuchonga
kama mtu anayempita anayemdai.

Paa akalilaza bapa.
Shangazi, kibarua wa zege,
akauliza mvua ya Januari italala wapi.
"Lipo bomba."
Mvua haikusoma ramani.

Usiku mmoja, kwa taa ya chemli, alimfunulia kitabu:
mwanamke wa rangi, pua imeelekea baharini,
jicho limeelekea bara,
shavu kama limepitiwa na tezo.
Kwetu, alisema, hili ni jambo jipya kabisa.
Shangazi aliinama, akatazama, akarudi nyuma hatua.
"Lipiko huyu. Alinikimbiza Newala, nikaangusha kanga.
Nani kamtia humo? Na ngoma yake kaizima nani?"
Mzungu akaandika kitu pembezoni mwa ukurasa.
Hakusema nini.

Matofali ya matundu alifyatua yeye,
elfu mbili na mia nne,
mchanga wa Msijute, kucha zikiliwa na saruji.

Siku ya kufungua, saa tatu asubuhi,
jua likapenya matunduni
likamwaga sakafuni nakshi tupu:
ukili, macho ya samaki,
chale za mashavuni mwa bibi.
Mzungu aliikanyaga, akarudi, akaikanyaga tena,
kisha akakunjua ramani
kutafuta aliichora wapi.

Sasa juu kuna bati la buluu.
Mwaka jana matundu yakazibwa kwa vioo vyeusi
ubaridi wa mashine usitoroke.
Hiyo ndiyo ya kisasa, wanasema.

Mimi nafundisha uchoraji wa majengo.
Vijana huniuliza usasa ulianza lini,
nawapa tarehe, zile za mtihani,
halafu Jumamosi nawapeleka Ligula
tunaivuta kalibu, tunapiga chafya kwa vumbi.
Shangazi hugonga sakafu kwa mkongojo:
"Mkimaliza kuitazama irudisheni.
Ukuta wangu wa choo
haujaisha."