Bungo Halipandwi

Shamba la shangazi Maua, Mtambwe,
lilinifikia na mikarafuu minne iliyokufa wima,
kisima kilichojaa vifuu
na deni la mtu wa panga.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa.
Nilijua kupima: mlangoni hadi mpakani, hatua themanini na moja.
Mvua inapita wapi, sikujua.
Masika yakanifundisha. Nilisimama, gunia kichwani,
nikayaona maji yakishuka mbio kama mtu anayemkimbia mdai wake,
yamebeba wekundu wa ardhi yangu
hadi kondeni kwa Faki Shaame, ambaye hakushukuru.

Nikachimba mfereji, nikaukingamisha mteremko,
usawa nikaupima kwa mpira wenye maji, kama mafundi wa nyumba.
Nikatandaza makumbi, makuti, majani ya migomba.
Faki akapita:
"Mwalimu, umeanza kufuga mchwa?"
Nikamwambia ardhi haipendi kukaa uchi.
Akacheka.
Mchwa nao walikuja, si uongo.

Ikabaki miti.
Kitaluni Chake, kijana akanionesha miembe iliyobebeshwa,
parachichi la bara,
mtufaa wenye picha shingoni.
Nikauliza mbungo. Nikauliza mfuu.
Akanitazama kama nimeuliza bei ya umande.
"Bungo halipandwi, mwalimu. Bungo huota."

Huota.
Na kichaka kikiisha, litaota wapi?

Wete, nyuma ya soko, Bi Raya hukamua juisi ya bungo
tangu sukari inauzwa kwa pishi.
Kokwa hujaza beseni, beseni humwagwa jaani.
Nikamwomba aniuzie.
"Nikuuzie taka? Kesho nikamjibu nini Mungu?"
Akanifungia mfuko mzima, kwa sharti moja:
bungo la kwanza liende kwake.
Nikapiga hesabu, ndiyo maradhi yangu:
miaka sita, pengine saba. Yeye ana sabini na tatu.
Hakuniuliza jibu.

Fuu nililetewa na darasa la tano,
kokwa walizozifyonza njiani,
ndimi zao nyeusi kama waliolamba wino.
Sikumwadhibu aliyechelewa.

Siku ya thelathini na mbili, ndani ya kopo la mafuta,
shina jembamba likainua kichwa, likayumba,
likatafuta kitu cha kushika.
Hapo nikaikumbuka mikarafuu.
Kila mtu aliniambia niikate kuni.
Nikapanda mbungo mmoja mmoja kwenye kila gogo,
mizizi mipya juu ya mizizi iliyochoka,
na yule kijana wa Chake nikamwona kasema nusu ya kweli:
bungo halipandwi.
Bungo hupanda.

Leo asubuhi wa kwanza umefika kwenye kifundo cha tawi.
Wa tatu kaula mbuzi wa Faki.
Nimemwandikia deni,
nimerudi kwenye mfuko wa Bi Raya.