Saa Iliyoandikwa Pajini

Redio inasema: mmoja, mguu, bomu la kutegwa,
juu ya mto Caguán, ukingoni mwa shamba la koka.
Kapteni Arbeláez anatema kipande cha panela
na hatuulizani kitu.
Mapangaboi yanaamka kivivu, kama ng'ombe wa asubuhi,
kisha ghafla hayaonekani tena.

Mimi ni Koplo Nohora Chindoy, muuguzi wa angani.
Nilizaliwa bonde la Sibundoy, kwenye ukungu na mahindi.
Mama alitaka niwe mshonaji.
Nimekuwa mshonaji.

Kutoka juu, msitu ni zulia lisilo na mshono.
Wbeimar, fundi wetu, amening'iniza kichwa nje ya mlango
akiitukana miti mmoja mmoja
mpaka moshi wa manjano utoke.
Pale!
Pa kutua hapana. Basi ni winchi:
mita thelathini za waya, na mimi mwishoni mwake
kama ndoo kisimani.

Chini kuna vijana watano wenye nyuso za udongo.
Hakuna anayethubutu kuhamisha unyayo,
maana palipolipuka moja pana la pili.
Aliyelala anaitwa Evelio Tapasco.
Mbwa wake, Trufa, ambaye kazi yake ni kunusa baruti,
amekaa kando yake kimya
kana kwamba amepewa barua ya kufukuzwa.

Damu ni nzito kuliko maji, wanasema.
Hii ninayoitundika juu ya kifua chake haina ukoo.
Labda ni ya muuza viatu wa Pereira
aliyejitolea mkono kwa soda na biskuti mbili.
Inashuka tone kwa tone, haimuulizi mtu jina la baba.

Nakaza mkanda juu ya goti. Nazungusha tena.
Ananitukana mimi na mama yangu, jambo jema:
wanaotukana wana pumzi.
Kisha natoa kalamu ya wino mweusi
na kwenye paji la uso wake, palipo na jasho na mchanga,
naandika 14:14.

Watu husema ya mtu yameandikwa pajini
tangu yu tumboni mwa mamaye.
Huenda.
Mimi naandika tu dakika ambayo mguu ulifungwa
ili daktari wa Florencia ajue amebakiwa na muda gani.
Na mwandiko wangu mbaya. Nne zangu zina mikia.

Trufa anapanda wa mwisho, ndani ya mkoba wa kamba,
akizunguka hewani, akiukojolea msitu mzima.
Wbeimar anacheka. Peke yake.

"Buti langu," Evelio anapiga kelele kuishinda injini,
"mmelichukua buti langu? Kamba zake mpya."
Nasema ndiyo.
Analaza kichwa mkononi mwangu, ameridhika,
kama mtoto aliyeambiwa duka bado liko wazi.

Dakika kumi na tisa.
Mlango wa hospitali unapokea machela
na kuturudishia machela nyingine, tupu, iliyopanguswa.
Hivyo ndivyo ilivyo: nazijua hadithi mia mbili hivi
kwa mwanzo tu.

Jioni Wbeimar anaosha sakafu kwa mpira wa maji.
Maji yanatafuta matundu, yanadondokea lami,
yanakuwa rangi ya chai, halafu rangi ya maji.
Chini ya benchi Trufa amelala.
Hakuna aliyekuja kumchukua, na hakuna fomu yake.

Nakunja mikono ya shati ili ninawe.
Kwenye ngozi, pale kichwa chake kilipolala safari nzima,
wino umejichapa kinyumenyume:
41:41,
saa isiyopo katika siku yoyote.

Sabuni ipo.
Naiacha kwanza.