Pini Laini

Mvua ya Chiloé haina haraka ya kwenda popote.
Tangu Jumatatu imekaa juu ya paa letu la mbao
kama mgeni aliyeonja viazi akavikubali.
Nimetandika magazeti mezani,
nimemlaza juu yake mzee wetu wa farasi tisa,
kichwa huku, mguu kule,
na mama mkwe amekataa kula jikoni
mpaka maiti itoke.

Si maiti. Ni wa mwaka sabini na nane.
Rangi ya bluu imebaki mabegani tu,
na kofia yake imefungwa kwa mkanda wa suruali
aliouvua shemeji Rosamel katikati ya mkondo,
akarudi nyumbani ameshika kiuno.

Fundi wa Castro alicheka: nunua mpya.
Kwa hela gani? Kilo mia za kome
hazinunui hata hiyo kofia.
Nikamwomba kitabu, akaninakilia kurasa kumi na moja,
ya saba ikiwa ya mashine nyingine.

Basi nikaanza na ninaloliweza: kufungua.
Bolti iliyokula chumvi haitaki nguvu.
Mafuta. Gonga kidogo. Nenda kamenye viazi.
Rudi. Gonga. Isemeshe.
Ukiilazimisha itakatika shingo,
mwili ubaki ndani, kichwa mkononi,
kama nilivyobaki mimi na ya nne.

Kabureta ililala kwenye siki usiku kucha,
tundu lake nikalizibua kwa uzi mmoja wa brashi ya waya.
Platini nikazipiga msasa,
mwanya nikaupima kwa ukingo wa kadi ya kliniki.
Feni ya pampu, mabawa sita ya mpira,
yote yamekunjama upande mmoja
kama watu wanaokimbia upepo.

Kisha nikavua propela, nikaona.
Mahali pa pini ya shaba
Rosamel amepachika kipande cha keekee, chuma kikavu,
na ndani, kwenye sanduku la gia, meno matatu
yanaelea katika oili nyeupe kama maziwa.

Ukurasa wa tano una mstari mmoja:
pini hii ni laini kwa makusudi.
Niliusoma mara mbili, tochi mdomoni.
Kumbe kiwandani kuna mtu aliketi, akaufikiria mwamba,
akachagua pa kuvunjika,
pa bei ya kitunguu.

Namwelewa Rosamel. Alichoka kubadilisha pini mvuani
vidole vimekufa ganzi.
Nami mwaka ule wa shamba la urithi
sikukubali kukatika hata neno moja,
na meno yaliyovunjika hayakuwa yangu:
ndugu wawili wakala Pasaka mbili
katika nyumba mbili.

Gia niliipata kwa Huenteo,
kwenye mashine aliyoifanya nanga,
kwa gunia la viazi na matusi kidogo.

Alhamisi, pipani, nikavuta kamba.
Kimya. Kimya. Ya tisa ikakohoa,
kuku wakahama uani.
Lakini maji hayatoki! Nikazima, moyo mkononi,
nikachokoa kitundu kwa waya:
chumvi, mchanga, na kome mchanga
wa ukubwa wa punje ya mchele, aliyekwisha hamia.
Nikavuta tena.
Mama mkwe akachungulia dirishani.
“Anakojoa,” akasema. “Basi ni mzima.”
Akaja kula.

Pini nimezikata saba kutoka fimbo ya pazia,
zimo kwenye kiberiti chini ya kiti, pamoja na koleo.
Jumamosi Rosamel alikuja, mume wangu akamsogezea nafasi.
Akapima moja kiganjani, akaiuma.
“Hii itakatika.”
“Ndiyo,” nikamwambia. “Shika kasia.”