Iga

Karani wa bandari ya Santos hakuisikia H.
Babu alisema Higa, akakohoa kidogo,
siku hamsini za meli zikiwa bado kifuani,
na karani, ambaye kwa lugha yake H ni bubu,
akaandika Iga, akagonga muhuri, akaita: anayefuata!

Kwa hiyo sisi ni Iga.
Kule Suzano, kwenye mashamba ya kabichi,
watoto walivuta pembe za macho yao nikipita:
Mjapani! Mjapani!
Nami magoti mekundu kwa udongo wao huohuo,
nikijua matusi ya Kireno kuliko wao wote.

Bibi Kamado alicheka, pengo wazi.
"Mimi Japani ilinichapa shuleni
kwa kusema lugha ya mama yangu.
Wakanivika kibao shingoni.
Sisi ni wa Okinawa. Haya, nenda kawaeleze."
Sikwenda. Nilikuwa na miaka tisa.

Kisha baba akapata kazi Hamamatsu,
kiwanda cha vioo vya magari, zamu ya usiku.
Tunarudi, wakasema.
Mtu hurudije asikotoka?
Mwalimu aliandika jina langu ubaoni
kwa zile herufi walizoziweka kando kwa vitu vya kuja:
mkate, redio, mimi.
Darasa likaangua kicheko. Iga, kumbe, kwao
ni ganda la miiba linalofunika kokwa za milimani.
Huligusi bila glavu.

Nikaiga.
Nikaiga kuinama, kiasi gani kwa nani,
nikaiga kucheka nimeziba mdomo,
nikaiga hata kunyamaza, maana wana kunyamaza kwao.
Na bado, Alhamisi moja, mfuko wetu wa taka
ulirudishwa mlangoni na karatasi juu yake,
mwandiko mzuri, wa adabu.
Mama akaniletea. Nilijua nusu ya alama.
"Wanasema nini, Marli?"
"Wanashukuru," nikamwambia,
nikashuka gizani kutenganisha chupa na vifuniko vyake.

Juzi baba mdogo akapiga simu.
Bibi walimzika Jumanne.
Sasa kuna jiwe, na fundi anauliza:
Higa au Iga?

Baba akatazama ukuta.
Cleber akachomoa vitu vyake masikioni, jambo lisilo la kawaida.
Wote wakanigeukia mimi, msomaji wa barua,
miaka kumi na saba, soksi moja mguuni.

Niliwaza kile kibao.
Niliwaza kikohozi cha babu, jinsi kitu kidogo kama pumzi
kinavyoweza kubaki bandarini.
Nikasema: aanze na I.
Ila mbele yake aache nafasi,
upana wa herufi moja.

Kimya. Huko kwao kulikuwa asubuhi, jogoo wa mtu akawika.
Kisha baba mdogo, kwa sauti ya anayehesabu noti:

"Fundi hutoza kwa herufi.
Hiyo tupu nayo, tunailipia?"